Kabla Hujasema "Nitilie Gesi"

Hotuba kwa madereva wa teksi na vijana wa gereji, Mombasa

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, ndugu zangu madereva, nanyi vijana wa gereji mliokuja na grisi bado kwenye kucha: asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nawashukuru waliotupa ukumbi huu, na nawashukuru zaidi madereva mliopaki magari ili mje kunisikiliza, maana kila saa mnayokaa hapa ni saa ya abiria.

Nimeombwa nizungumzie AC inayotoa hewa ya joto. Nimelikubali ombi hilo mara moja kwa sababu jambo lenyewe linaniuma. Kaskazi ikishika, joto na unyevu vikaungana, gari lisilopoa si usumbufu mdogo. Kuna dereva anayeshinda ndani yake tangu alfajiri mpaka usiku. Kuna mama anayetolewa hospitali na mtoto mchanga mkononi. Na ni wakati huo huo ninapoona pesa za watu zikiteketea kwa kazi ambayo gari halikuihitaji. Mtu anaingia gereji, injini hajaizima, kashasema, "Fundi, AC haipoi, nitilie gesi." Fundi naye, kwa kuwa mteja kashaagiza, anavuta silinda, anafunga mpira, anatia. Hewa inapoa siku hiyo, labda wiki hiyo, kisha wanaonana tena.

Ninalotaka kuwaambia leo ni moja, na mengine yote yatalizunguka hilo. AC ikitoa joto, msianze na gesi. Anzeni kwa kuuliza joto linakuja lini: gari likiwa limesimama au likienda, asubuhi au mchana, punde tu baada ya kuwasha au baada ya safari ndefu, upande mmoja au matundu yote. Jibu la swali hilo analo dereva, fundi hana, na ndiyo sababu nimefurahi kuona pande zote mbili zimekuja.

Kwanza mashine yenyewe, kwa ufupi. Mtungi wa udongo wa bibi zetu ulipoza maji bila umeme: maji yalipenya kwenye udongo kidogo kidogo, yakageuka mvuke, na katika kugeuka huko yakachukua joto la maji yaliyobaki ndani. Kiyoyozi cha gari kinafanya hivyo hivyo, ila badala ya maji kinatumia gesi inayochemka upesi zaidi. R134a, ambayo ndiyo iliyomo kwenye magari mengi tunayoendesha, ikiachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Na tofauti kubwa ni kwamba mvuke wa mtungi unapotea hewani, wa gari unarudishwa. Kompresa inaukandamiza mpaka unakuwa wa moto na wenye presha kubwa. Unapelekwa kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, unatoa joto lake nje na kugeuka majimaji. Majimaji yanapita kwenye draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, yanafika kwenye vali ya ekspansheni, yanapuliziwa ndani ya evapareta chini ya dashibodi. Huko presha inashuka ghafla, yanachemka, yanakuwa baridi sana, feni ya ndani inapitisha hewa juu yake, na nyinyi mnapata upepo. Mvuke unarudi kwenye kompresa, safari inaanza upya.

Tazameni njia hiyo yote. Hakuna mahali gesi inapoungua. Hakuna mahali inapoliwa. Petroli unaitia kwa sababu injini inaichoma. Gesi ya AC inazunguka tu. Ikipungua, imetoka, na imetoka mahali fulani panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ni kweli kwamba mipira na sili ya kompresa huachia kidogo sana mwaka baada ya mwaka, na bandu bandu huisha gogo, kwa hiyo gari lililokaa miaka saba Japani kisha likashuka Kilindini linaweza kukutwa limepungukiwa bila tundu lolote. Hilo nalikubali. Lakini gari lililotiwa gesi mwezi wa pili na kuihitaji tena mwezi wa tatu linavuja, na kulitia gesi tena bila kutafuta tundu ni kumtoza mtu kwa kitu unachojua kitapotea.

Sasa tuje kwenye lini, na nianze na lalamiko ninalolisikia kuliko yote hapa kisiwani. Dereva anasema: "Nikivuka Daraja la Nyali AC ni baridi mpaka abiria anaomba nipunguze. Nikifika foleni ya feri Likoni, dakika kumi haziishi, inatoa joto. Nikitoka upande wa pili nikapata barabara, baridi inarudi."

Ndugu zangu, huyo ameshanitajia kasoro kabla sijafungua boneti. Gari likienda, upepo wa barabarani unapiga kondensa na kuchukua joto. Likisimama, kondensa haina msaada mwingine ila feni yake. Kwa hiyo gari linalopoa likienda na kuchoma likisimama, kitu cha kwanza kukitazama ni feni, cha pili ni uchafu wa kondensa.

Ililetwa kwangu teksi yenye lalamiko hilo hilo. Mwenyewe alikuwa ameshapita gereji nyingine, na kila alikopita alitiliwa gesi. Niliwasha AC gari likiwa limesimama juani. Mbele kulikuwa na feni mbili: moja inazunguka huioni, ya pili inajikongoja, unaweza kuhesabu mapanga yake kwa macho. Nikafunga geji. Upande wa presha kubwa ukapita psi 300, ukaendelea kupanda, ukapita 400, halafu klachi ya kompresa, ile inayoiunganisha na mkanda wa injini, ikaachia kwa mlio na hewa ya ndani ikaanza kuwa vuguvugu. Presha ikashuka, klachi ikashika tena, ikapanda tena, ikaachia tena. Ile ni swichi ya presha ikifanya kazi yake: inakata kompresa kabla paipu haijapasuka. Na gesi aliyoongezewa ndiyo iliyozidisha balaa, kwa sababu gesi ikizidi, majimaji yanajaa sehemu ya chini ya kondensa, na ile nafasi ya kupozea mvuke inapungua. Alilipa ili gari lake liwe la moto zaidi. Tuliitoa gesi yote kwa mashine, tukabadilisha mota ya feni, tukaosha kondensa, tukarudisha gesi kwa kipimo. Foleni ya Likoni haikumsumbua tena.

Vijana, kuna jaribio la ndoo moja ya maji ambalo kila mmoja wenu alijue. Gari limesimama, injini inanguruma, AC imewashwa mpaka mwisho, na ndani kuna joto. Chukua maji safi, yamwagie kondensa taratibu kutoka mbele, usiyaelekeze kwenye nyaya wala mota. Ikiwa ndani ya dakika moja au mbili hewa ya ndani imepoa, basi gesi unayo, kompresa unayo, na vali inafanya kazi. Kinachokosekana ni upepo juu ya kondensa. Jaribio hilo halimgharimu mteja kitu, na limewaokoa wengi kununua kompresa wasiyoihitaji.

Nikishataja kondensa siwezi kupita bila kusema juu ya chumvi. Magari yetu yanalala Nyali, Bamburi, Shanzu, Likoni, upepo wa bahari unayapuliza usiku kucha. Kondensa imetengenezwa kwa alumini, na katikati ya mirija yake kuna vibati vyembamba sana vya kusambaza joto. Kwa juu unaweza kuiona nzima. Inama, tazama robo ya chini, pale matope na mchanga wa barabara hukaa. Pitisha ukucha kidogo: vibati vinamomonyoka na kubaki unga mweupe. Mirija inaonekana mitupu. Kondensa ya namna hiyo haivuji, geji haitailaumu waziwazi, lakini haiwezi tena kutoa joto, na mchana wa mwezi wa tatu itakuangusha. Sasa watu wanataka kuiosha, vizuri, lakini wanapeleka gari penye maji ya kisima yenye chumvi na bunduki ya presha. Maji ya chumvi yanaendeleza ulaji, na bunduki inalaza vibati mpaka hewa haipiti. Osheni kwa maji baridi ya kunywa, kwa mpira wa kawaida, maji yakimiminika polepole. Basi.

Lalamiko la pili ni la yule anayesema, "Inaanza vizuri sana, nikifika Mtwapa upepo wenyewe umepungua, kisha joto." Msikieni vizuri: upepo umepungua, ndipo likaja joto. Hapo evapareta imeganda barafu na kuziba njia ya hewa. Zima AC, acha feni ya ndani iendelee kwa robo saa, utaona maji mengi yanamwagika chini ya gari, na ukiwasha inapoa tena. Sababu inaweza kuwa kifaa kinachopima baridi ya evapareta kimeharibika na hakikati kompresa kwa wakati, au gesi imepungua kidogo, au, na hii ndiyo naikuta mara nyingi, filta ya ndani imeziba. Madereva wengi hawajui kwamba gari lao lina filta hiyo. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Unakifungua bila spana. Nimetoa filta humo zenye majani makavu ya mwarobaini na vumbi lililoshikana kwa unyevu mpaka taa haipenyi.

Na maji yanayodondoka chini ya gari msiyaogope. Hapa Pwani hewa imejaa maji, na sehemu kubwa ya nguvu ya kiyoyozi inakwenda kuyatoa hayo maji hewani kabla hata ya kupunguza joto. Ndiyo sababu gari linalosifiwa AC yake Nairobi likishuka Mazeras linaanza kulegea. Halikuharibika njiani. Udhaifu lilikuwa nao, huko juu haukuonekana kwa sababu kazi ilikuwa nyepesi. Mnaonunua magari kutoka bara, yajaribuni AC hapa chini, saa nane mchana, kabla ya kumaliza malipo. Kwa sababu hiyo hiyo ya unyevu, mkishatoa lile joto la kwanza kwa kufungua vioo dakika moja, bonyezeni kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Ukiiacha AC ivute hewa ya nje ya Mombasa muda wote, unaipa kazi isiyoisha. Maji yakimwagika ndani, kwenye zulia la abiria, hapo ndipo mpira wa kutolea maji umeziba, na kuuzibua ni kazi ndogo.

Gari linalopoa asubuhi na usiku tu, mchana hapana, linaweza kuwa na gesi pungufu au kondensa iliyochoka, na kuna sababu nyingine inayosahaulika: pengo la klachi ya kompresa. Klachi inavutwa na sumaku. Inavyolika, pengo linapanuka, na sumaku ikipata moto nguvu yake inapungua, inashindwa kuvuta. Injini ikiwa baridi inashika, ikichemka inaacha. Pengo linalotakiwa ni dogo, mara nyingi karibu nusu milimita, na kwenye klachi nyingi linarekebishwa kwa kutoa washa moja nyembamba. Kijana akiona klachi haishiki, asikimbilie kusema kompresa imekufa.

Lisilopoa hata kidogo, asubuhi wala jioni, tazameni kwanza kama klachi inashika. Haishiki? Fyuzi, rilei, waya, swichi ya presha. Kwenye magari mengi rilei ya AC inafanana na nyingine iliyo jirani yake. Linganisha namba, zibadilishane, sikiliza. Kumbukeni pia kwamba gesi ikiisha kabisa swichi ya presha haitaruhusu kompresa iwake, na wapo wanaoiunga swichi moja kwa moja kwa kipande cha waya ili iwake kwa nguvu. Msifanye hivyo. Oili ya kompresa inasafirishwa na gesi. Bila gesi hakuna oili, na vyuma vikisagana vipande vyake vinasambaa mpaka kwenye kondensa na vali. Ulianza na tundu kwenye oringi, kile kipete cha mpira cha kuzibia kiungo, umemaliza kwa kubadilisha mfumo mzima.

Na lipo gari ambalo kila kitu chake kizuri, paipu nene inatoka jasho la baridi, geji nzuri, na ndani joto. Hapo kasoro haiko kwenye kupoza. Ndani ya dashibodi kuna mlango mdogo unaochanganya hewa ya baridi na ya hita. Magari haya yametoka nchi yenye theluji. Hita wanayo, na maji ya moto ya injini yanapita humo humo. Mlango ukikwama katikati, AC inapoza na hita inachoma kwa wakati mmoja. Ukisikia tak-tak-tak nyuma ya dashibodi unapobadilisha joto, ni kimota chake kimevunjika meno.

Sasa niwageukie mafundi peke yenu kidogo, madereva mtuvumilie, ingawa mkisikiliza mtajua wa kumpa gari na wa kumnyima.

Naona fundi anafunga geji injini ikiwa imezimwa, anasoma, anasema, "Gesi ipo." Wenzangu, geji ya namna hiyo haipimi kiasi. Gari likipoa kabisa kivulini kwenye nyuzi 30, R134a itaonyesha karibu psi 97, iwe ndani kuna gramu 450 au 150, mradi tu kuna majimaji yaliyobaki. Presha hiyo inafuata joto, haifuati ujazo. Inakufaa kwa jambo moja: ikiwa chini sana ya hapo, mfumo uko karibu mtupu, ikiwa juu sana, kuna hewa ndani au kuna gesi ya kuchanganya. Kipimo cha kweli cha kiasi ni mizani. Chini ya boneti kuna kibandiko. Maandishi ni ya Kijapani lakini gramu zimeandikwa kwa tarakimu tunazozijua wote. Saluni ndogo nyingi hazizidi gramu 500. Toa kilichomo, pima, rudisha kwa mizani. Kujaza kwa kuangalia geji peke yake, katika unyevu wetu huu, ni kubahatisha.

Geji tunaisoma injini ikiwaka, mizunguko karibu 1,500 kwa dakika, milango wazi, feni ya ndani mpaka mwisho. Katika joto la nyuzi 30 na kitu, mara nyingi upande wa presha ndogo utakaa kati ya psi 30 na 50, na wa presha kubwa kati ya 200 na 260. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, au kuna hewa ndani, au kondensa haipumui. Mdogo ukiwa juu na mkubwa ukiwa chini, zikikaribiana, kompresa imechoka kukandamiza. Mdogo ukizama mpaka kwenye vakyumu, yaani chini ya presha ya hewa ya nje, kuna kizuizi, na mara nyingi utakikuta kwa mkono: fuata paipu nyembamba, mahali ilipo vuguvugu kisha ghafla baridi au umande, hapo ndipo penye kuziba. Mikono mbali na mkanda na feni. Kisha weka kipimajoto kwenye tundu la katikati. Hewa inayotoka ikiwa na nyuzi 8 mpaka 12 mchana wetu wa kaskazi, gari hilo ni zima, na umwambie mwenyewe hivyo hata kama hutamtoza.

Kuna jambo moja la Mombasa hasa, na naomba vijana mliofunzwa Nairobi mlishike. Mfumo ukifunguliwa, hewa na unyevu vinaingia, na lazima vivutwe kwa pampu ya vakyumu. Geji inasoma inchi za zebaki. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi, hivyo hata pampu nzuri ikivuta mpaka mwisho geji itasimama karibu na inchi 25. Hapa tuko usawa wa bahari. Mwisho wake ni karibu inchi 30. Na maji ya nyuzi 30 hayachemki kwenye vakyumu yetu mpaka geji ipite takriban inchi 28.7. Kwa hiyo anayezima pampu kwenye inchi 25 hapa Mombasa kwa sababu ndivyo alivyozoea, hajayachemsha maji hata kidogo. Yamebaki ndani. Yatagandia kwenye vali, yatachanganyika na oili na gesi kutengeneza asidi, na kompresa itakufa polepole huku kila mtu akilaumu kompresa. Acheni pampu ivute nusu saa walau, funga vali, kaa utazame geji. Ikirudi nyuma, bado kuna tundu au bado kuna maji.

Tundu lenyewe tunalitafuta kwa macho kwanza. Gesi inapotoka inatoka na oili, na oili inashika vumbi, kwa hiyo kiungo kinachovuja kinakuwa na doa jeusi la mafuta katikati ya paipu iliyokauka. Kisha povu la sabuni, kisha rangi inayotiwa ndani ya mfumo na kung'aa chini ya taa ya zambarau, ungoje usiku uitazame. Ukitaka kujaribu kwa presha tumia naitrojeni. Oksijeni kamwe, oksijeni na oili ni mlipuko. Hata hewa ya kompresa ya tairi isitumike, inaingiza maji, na R134a ikichanganyika na hewa kwenye presha kubwa inaweza kushika moto.

Na gesi ya kupikia, au mchanganyiko wake wowote, msiitie kwenye gari la mtu. Najua inapoza. Lakini evapareta iko ndani, miguuni pa abiria. Ikivuja, inavujia kwenye chumba kilichofungwa vioo chenye watu na swichi za umeme. Gharama mnayookoa hailingani na hatari hiyo, na anayefanya hivyo bila kumwambia mwenye gari anamdhulumu.

Magari ya haibridi ni mengi sasa: Aqua, Prius, Fit. Kompresa yake inaendeshwa na umeme wa volti nyingi kupitia zile nyaya za rangi ya chungwa, na oili yake ni ya esta, isiyopitisha umeme. Oili ya PAG ya magari ya kawaida ikiingia humo, hata ile iliyobaki kwenye mipira ya geji, umeme unaanza kuvuja ndani ya kompresa, kompyuta inaikatisha, na mwenye gari anaambiwa anunue mpya. Wekeni geji na mipira ya haibridi mbali na mingine. Kama huna, mpeleke mteja kwa aliye nayo.

La mwisho kwenu mafundi: kuachia gesi hewani. Gesi ya zamani, R12, ililaumiwa kwa kula tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioanza kuiondoa. R134a haili ozoni, lakini gramu yake moja inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko gramu ya kaboni dioksidi, na ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali zikakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Magari mapya zaidi yanayoshushwa bandarini yanakuja na R1234yf, ambayo viungo vyake vya kujazia ni tofauti makusudi ili isichanganywe. Sisi tunaoishi kando ya bahari, joto likizidi, hatuna mahali pa kukimbilia. Mashine ya kuvuta gesi na kuihifadhi ni ghali kwa gereji moja ndogo. Gereji nne tano za mtaa mmoja zikichanga, inawezekana, na niko tayari kukaa na wanaotaka kuanza.

Madereva, mkienda gereji ombeni vitu viwili viandikwe kwenye risiti: gramu zilizotolewa na gramu zilizotiwa. Fundi anayeweza kuandika namba hizo ana mizani na ana mashine. Asiyeweza, muulize alijuaje.

Maswali nitayapokea nje. Vijana, chukueni geji, kipimajoto na ndoo ya maji baridi. Tutaanza na ile Probox iliyo karibu na lango, kwa sababu nilipoingia ilikuwa inawaka na feni yake moja sikuisikia.